Breki za kigari cha mashindano: anza na tairi, malizia na mguu

Wadau wengi wanaojenga kigari cha Formula Student (mashindano ya wanafunzi wa vyuo wanaojenga magari) au cha autokrosi (mbio za kupita kati ya koni) wananunua breki kwa macho. Kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imependeza, ina pistoni nne, bei imekaa vizuri, haya inafungwa, halafu gari likiingia uwanjani pedo ni ngumu balaa au tairi za nyuma zinalok (zinaacha kuzunguka) kabla ya mbele na gari linageuka nyuma mbele. Breki inapigiwa hesabu kinyumenyume, kuanzia kwenye tairi, maana kinachosimamisha gari ni tairi kushika lami na kalipa kubwa haiongezi gripu hata chembe.

Chukua mfano huu: gari na dereva kilo 300, uzito nusu kwa nusu mbele na nyuma, ekseli mpaka ekseli mita 1.6, kitovu cha uzito kiko sentimita 30 toka chini, tairi za sliki (zisizo na kashata) zenye msuguano wa 1.5. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, 300 × 1.5 × 0.3 ÷ 1.6, kama kilo 84 hivi, kwa hiyo mbele panakuwa na kilo 234 na nyuma zinabaki 66 tu. Umeona? Ndo maana kufunga kalipa zinazofanana kona zote nne ni kujitafutia kazi.

Sasa tairi moja la mbele limebeba kilo 117, zidisha kwa 1.5 na 9.81 unapata niutoni 1,720, ukizidisha na nusu kipenyo cha tairi, mita 0.23, inakuja toki (nguvu ya kuzungusha) ya niutoni-mita 396. Diski ya milimita 180 pedi zake zinabana kama milimita 80 toka katikati, kwa hiyo 396 ÷ 0.08 ni niutoni 4,950. Pedi zina msuguano wa 0.4 na ziko pande mbili, gawa kwa 0.8, kalipa inatakiwa ibane kwa niutoni 6,190. Ukiweka kalipa yenye pistoni moja ya milimita 32 kila upande (hesabu eneo la upande mmoja tu, hapa ndo watu wengi wanajichanganya), presha inayohitajika ni baa 77 (baa hapa ni kipimo cha presha). Nyuma fanya hivyohivyo na pistoni ya milimita 25, utapata baa 36.

Masta silinda sasa, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedo. Mtaani wanasema masta kubwa ndo breki kali, sio kweli bana. Masta ndogo ndo inatoa presha kubwa kwa mguu uleule, ila pedo inatembea zaidi. Mbele ukiweka ya inchi 5/8 inataka isukumwe kwa niutoni 1,525. Nyuma ukiweka ileile inataka 704 tu, kwa hiyo baa ya balansi (fimbo inayogawa nguvu ya pedo kati ya masta ya mbele na ya nyuma) itabidi uivute mbali sana na katikati, na ikikaa upande sana huna tena nafasi ya kurekebisha. Weka 3/4 nyuma, inataka 1,013, mgawanyo unakuwa 60 kwa 40. Jumla 2,538, na pedo ya uwiano wa 5 kwa 1 (inazidisha nguvu ya mguu mara tano) mguu unasukuma kama kilo 52. Dereva aliyekaa vizuri kwenye siti anaweza kabisa. Pedi zikiwa baridi msuguano ukashuka mpaka 0.3 inafika kilo 69, bado sio mbaya.

Pedo yenyewe usiichomelee kwa bati la kubahatisha. Sheria za Formula Student zinataka ihimili niutoni 2,000, zaidi ya kilo 200, na ukimwona dereva aliyeshtuka anavyokanyaga utaelewa kwa nini. Zinataka pia mifumo miwili ya mafuta inayojitegemea, na tairi zote nne zilok kwenye jaribio.

Mafuta ya breki weka ya daraja la DOT 4, ya kopo jipya, inachemka kuanzia nyuzi 230 ila ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 155, kopo lililokaa wazi gereji achana nalo. DOT 5 ya silikoni usiichanganye humo kabisa.

Ukienda kujaribu tafuta lami iliyonyooka, pasha pedi kwanza, halafu mwambie mtu asimame pembeni mbali aangalie tairi zipi zinalok mwanzo. Zikianza za nyuma zungusha baa ya balansi kuelekea masta ya mbele, kidogokidogo, mpaka mbele zitangulie kwa nukta tu.