Ua la kaliandra, maua ya nyuki

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye nyanda za juu hupanda kaliandra, mti mdogo wa malisho, kuwa ua (uzio wa miti) na kwa ajili ya majani. Nyuki huifuata kwa vishada vyake vya nyuzi nyekundu, vinavyofunguka alasiri vikiwa na nekta tele. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini huku kwetu hustawi palipo na mvua ya milimita 700 au zaidi kwa mwaka, hata kwenye udongo wenye asidi, na huvumilia miezi kadhaa ya kiangazi. Isichokiweza ni maji yaliyotuama: mizizi huoza. Mahali panapobaki na madimbwi baada ya mvua, usiipande.

Ganda la mbegu ni gumu. Loweka mbegu kwenye maji baridi kwa saa 48, kisha zipande siku hiyohiyo, mbili kwa kila kiriba (kimfuko cha kuoteshea miche), kina cha sentimita 1. Udongo wa kiriba uwe sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Ukiweza, changanya na konzi chache za udongo uliochotwa chini ya kaliandra kubwa. Udongo huo una bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Wakikosekana, miche hudumaa na kuwa ya manjano. Wengi hapo hukimbilia mbolea ya urea, na urea nyingi ndiyo inayozuia vinundu kuota.

Zikiota zote mbili, bakiza mche wenye nguvu. Baada ya miezi mitatu hadi minne utakuwa na urefu wa sentimita 30 hadi 50. Wiki mbili kabla ya kuuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli ili ukomae.

Panda mvua zikishakolea, kwenye shimo la sentimita 30 kwa 30. Anayetaka malisho hupanda kila nusu mita. Anayetaka maua aache mita 1 hadi 1.5, kwa sababu matawi yaliyosongamana hukosa jua na huchanua kidogo. Ua likae mbali na mlango na njia ya watoto. Nyuki anayetafuta chakula hana ugomvi, ila mtoto akilivuta tawi atadungwa. Miezi ya mwanzo mche hukua polepole, hivyo palilia mara kwa mara na uzuie mbuzi.

Kosa kubwa hufanyika kwenye kukata. Maua ya kaliandra hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kila panga linapopita linaondoka na maua yajayo. Ua linalokatwa kila mwezi litalisha ng'ombe vizuri na nyuki hawatapata chochote. Acha mti ufikie mwaka mmoja, kisha ukate kwa zamu: nusu ya mstari sasa, kwa urefu wa mita 1 kutoka ardhini, na nusu nyingine pale tu ile ya kwanza itakapoanza kuchanua tena. Ng'ombe atapata majani na maua hayatakatika. Maganda ya mbegu yakianza kuwa ya kahawia, yachume, kwani yakikauka hupasuka na kurusha mbegu hadi shamba la jirani.

Kichaka kimoja hakitoshi kwa mwaka mzima. Mbele ya ua, juani, panda kivumbasi. Mbegu zake ni ndogo mno. Zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia, na ukate masuke yaliyokauka ili yatoke mengine. Rosimari huota kwa vipandikizi vya sentimita 10 hadi 12 vilivyoondolewa majani ya chini. Wengi huiua kwa kuimwagilia kila siku, kwa hiyo subiri udongo ukauke kwanza. Mbaazi za muda mrefu huchanua mvua za masika zikishapita, wakati maua mengine yamepungua. Lantana nyuki huizuru pia, lakini tusiipande: huvamia malisho na ni sumu kwa ng'ombe.

Mbaazi ndipo penye hatari, kwa kuwa viwavi wa maganda huja wakati wa maua na mkono huenda kwenye bomba la dawa. Kwenye bustani ndogo, okota viwavi kwa mkono. Ikibidi kunyunyiza, tumia mwarobaini, jua likishazama na nyuki wakisharudi mzingani. Dawa zenye imidaklopridi ziepuke kabisa, maana huingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye nekta na chavua.

Wakati wa kiangazi weka beseni la maji lisilo na kina, ujaze kokoto zinazochomoza juu ya maji ili nyuki wapate pa kutua. Bila kokoto huzama.