Mbwa anaharisha wiki ya nne sasa? Usikimbilie flajili, anza hivi

Wafugaji wenzangu, mbwa akiharisha siku mbili tatu halafu akaacha mwenyewe hilo lisikusumbue sana, kala uozo jalalani umetoka basi. Naongelea yule anayeharisha au kutapika wiki 3 na zaidi, anapata nafuu kidogo halafu inarudi, mbavu zinaanza kuonekana na chakula bado anakula. Huo ni ugonjwa sugu wa tumbo na inaniuma sana kuona mbwa mzuri wa kulinda boma anakufa na kitu ambacho kingetibika, shida tu kila anayepita anampa kidonge chake, leo flajili kesho oksi (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) keshokutwa sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), na hakuna hata mmoja aliyeangalia kinyesi.

Kwa hiyo tuanze na kinyesi, tena ukiangalie kwa macho yako. Mbwa anatoa kinyesi kingi, chepesi, mara mbili tatu kwa siku, anakonda, hapo shida mara nyingi iko kwenye utumbo mwembamba. Akiwa anatoka kila saa, anajikamua sana kinatoka kidogo tu, kina ute na damu nyekundu mbichi juu yake, na mwili haujapungua sana, hiyo ni ya utumbo mpana. Kinyesi cheusi kama lami maana yake kuna damu imetoka huko juu tumboni au kwenye utumbo mwembamba ikameng'enywa, hapo muulize na aliyekuwa nyumbani kama kuna mtu kampa diklofenaki au ibuprofeni kwa sababu alikuwa anachechemea, hizo dawa za binadamu zinamtoboa mbwa tumbo jamani, msimpe.

Halafu mpime uzito. Huna mzani wa mifugo, panda wewe kwenye mzani umembeba, kisha panda mwenyewe, toa. Andika kwenye daftari kila wiki, na kila siku andika mambo haya: amechangamka au amelala tu, amekula kiasi gani, ametapika mara ngapi, kinyesi kikoje na kimetoka mara ngapi. Daftari hilo ukimpelekea daktari wa mifugo umemrahisishia kazi kuliko kumwambia tu "anaumwa siku nyingi".

Fumbua na mdomo uangalie fizi. Zikiwa zimepauka, fikiria safura kwanza, ile minyoo inanyonya damu, na watoto wa mbwa wanaipata hata kwenye maziwa ya mama yao kwa hiyo usishangae kukuta kitoto cha wiki 3 tayari hakina damu.

Sasa minyoo. Hapa kwetu mbwa wanazurura, wanakula matumbo mabichi machinjioni, kwa hiyo usiruke hatua hii hata kama uliwapa dawa mwaka huu. Peleka sampo 3 za kinyesi za siku tofauti, zikiwa mbichi, kwenye kikopo kisafi chenye mfuniko, na uokote ile ya juu isiyogusa udongo maana udongo una viluwiluwi vyake vinavyomchanganya mtu wa maabara. Sampo moja ikisema hamna minyoo usiamini, minyoo mjeledi (ya utumbo mpana) na giadia (kijidudu cha utumbo) hutoa mayai na vifuko vyao siku hii na siku nyingine hawatoi. Maabara za TVLA, wakala wa maabara za mifugo Tanzania, zipo kanda mbalimbali, Temeke, Arusha, Mwanza, Iringa na kwingine, na ukiwa karibu na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine.

Hata majibu yakija safi, madaktari wengi bado wanatibu minyoo kwanza, na mimi nakubaliana nao kabisa. Fenbendazo miligramu 50 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa siku, siku 5 mfululizo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 1,000, na hapa ndo watu wanakosea, dawa ya maji ya asilimia 10 hiyo ni mililita 10 lakini ile ya asilimia 2.5 ya mbuzi ni mililita 40, soma chupa kabla hujamimina. Ukishuku mjeledi rudia baada ya wiki 3 na tena baada ya miezi 3. Usichukue albendazo ya ng'ombe ukamwagia mbwa, inaweza kumharibia uboho anakotengenezea damu, na ivemektini kwa mbwa wa jamii ya koli (wale wa kuchunga kondoo) inaweza kuua.

Minyoo imeisha na bado anaharisha? Badilisha chakula. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini mbwa wengi wenye ugonjwa huu, yaani zaidi ya nusu, wanapona kwa chakula tu bila dawa yoyote, kwa sababu utumbo wao unakataa aina fulani ya protini. Mpe protini ambayo hajawahi kula. Kama maisha yake yote amelishwa ugali wa dona na dagaa na mabaki ya kuku, mchemshie nyama ya sungura au mbuzi na viazi mviringo au wali, bila chumvi bila kitunguu, na hicho tu, siku 14 bila kukosa. Watoto wasimrushie mfupa, jirani asimpe kichwa cha samaki, na asizurure, mfungie au mtembeze na kamba. Wengi wa wale wanaopona kwa chakula utaona nafuu ndani ya hizo wiki 2. Akipona mrudishie chakula cha zamani, akiharisha tena umepata jibu lako. Kwa mtoto anayekua usimwache kwenye chakula hicho bila daktari kukuongezea madini, nyama na viazi havina kalsiamu ya kutosha.

Kama chakula nacho kimegoma basi ni damu ipimwe, na mwambie daktari unataka kujua albumini, ile protini kuu ya kwenye damu. Ikishuka chini ya gramu 20 kwa lita huenda mbwa anapoteza protini kupitia utumbo, anaweza kuanza kujaa maji tumboni na kuvimba miguu, huyo hasubiri. Kuna magonjwa mengine yanayojificha humu pia, kongosho la mbwa wa aina ya jemani shepadi likiacha kutoa vimeng'enya mbwa anakula kwa pupa hadi kinyesi chake mwenyewe na anazidi kukonda, kinyesi kingi cha rangi hafifu chenye mafuta, na tiba yake ni kumpa vimeng'enya kwenye chakula maisha yote. Mbwa anayeanguka, anawekewa dripu anaamka, wiki mbili baadaye anaanguka tena, apimwe kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Vitamini B12 nayo ipimwe, ikiwa chini hata dawa nzuri haishiki vizuri.

Ultrasaundi na kuchukua kipande cha utumbo kupitia kamera ni hatua ya mwisho, ni gharama na si kila mji unayo. Ila steroidi, tafadhali, zisianze kabla ya hapo kama kuna namna ya kupima. Zinampa mbwa hamu ya kula na kinyesi kinakuwa kigumu, kila mtu anafurahi, na kama ilikuwa saratani ya limfu imefichwa, siku ukija kuchukua kipande hakisomeki tena. Ikilazimu kuzitumia kwa sababu pesa au umbali haviruhusu vipimo, daktari aandike dozi na tarehe kwenye kadi ya mbwa, dozi ishushwe pole pole, na wewe uendelee kumpima uzito kila wiki na kumpeleka tena akishuka hata kilo moja.