Somo: Kupokea, kutesti na kurudisha gari bila kubeba maradhi ya mteja

Habari za kazi, ndugu mafundi. Somo hili ni la gereji zetu za Tanga, kuanzia za uani kule Ngamiani hadi zinazohudumia mabasi karibu na stendi ya Kange. Maradhi humfikia fundi kwa njia tatu: hewa ya ndani ya gari, mikono inayopanda usoni, na ngozi iliyochanika. Ya kwanza ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Utaona mtu anapulizia siti dawa huku vioo vimefungwa, na mteja anakohoa pembeni yake. Fungua vioo kwanza, chupa ya dawa baadaye.

Vitu vya kuwa navyo

Glavu za naitrili boksi moja (za mpira wa kawaida huoza zikigusa oili), barakoa, sabuni ya maji, matambara safi yasiyopungua manne kwa gari, tochi, koleo refu, kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, spiriti ya asilimia 70, na jiki.

Spiriti iwe asilimia 70, usitafute ya 95. Ile kali hukauka upesi mno, tena maji yaliyomo kwenye ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya ndani ya kijidudu.

Jiki ichanganywe kwa hesabu. Soma lebo ujue nguvu yake. Nyingi madukani ni asilimia 3.5. Gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, kisha toa moja: jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki. Kwa damu, matapishi na kinyesi tunataka asilimia 0.5, yaani 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1 inabaki 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Kwa kupangusa kawaida asilimia 0.1 inatosha: mililita 30 ndani ya lita moja ya maji. Bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, likijazwa mara tatu linakupa kipimo hicho bila kubahatisha.

Changanya asubuhi, mwaga jioni. Mchanganyiko hupoteza nguvu, na joto la hapa kwetu na jua huuharakisha. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala usiitumie karibu na maji ya betri yaliyomwagika. Hutoka gesi inayounguza mapafu.

Hatua ya 1: Kupokea gari

Mwombe mteja ashushe vioo vyote kabla hajashuka. Fungua milango minne na buti, acha dakika tano. Dakika hizo zitumie nje: mweleze mteja mahali pa kunawa, andika kilomita, sikiliza shida ya gari. Uliza na hili, kwa heshima na bila kumtia mtu aibu: gari limebeba mgonjwa hivi karibuni? Kuna panya? Kuna damu au matapishi ndani? Jibu litakuambia uanze na glavu zipi na dawa ya nguvu gani.

Funguo ipanguse kwa tambara lenye spiriti. Usiichovye, hasa yenye rimoti.

Hatua ya 2: Kuangalia chini ya siti kwa macho

Hapa ndipo mafundi wengi huumia. Mkono unapitishwa chini ya siti kutafuta nati iliyodondoka, unakutana na wembe, sindano au kipande cha chupa. Mulika tochi kwanza, sogeza siti mbele halafu nyuma, kisha angalia mifuko ya milango na tundu la tairi la akiba. Ukiona sindano, ishike kwa koleo, itie kwenye kopo gumu, funga. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake, na usiitupe jalalani. Kopo lipelekwe kituo cha afya kilicho karibu, wao wana utaratibu wa kuchoma.

Ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye kidonda wala kukinyonya, na usimwagie jiki. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Bombo au kituo chochote chenye huduma ya dawa kinga ya VVU. Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Hunywewa siku 28. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B, na pepopunda kama chanjo yako ni ya zamani.

Hatua ya 3: Kupangusa

Uchafu huimaliza nguvu ya klorini iliyomo kwenye jiki kabla haijafika kwenye vijidudu, kwa hiyo sabuni hutangulia na dawa hufuata. Loweka tambara, likamue, likunje mara mbili upate nyuso nane, na kila uso ukichafuka geuza mwingine. Anza juu kushuka chini.

Vinavyoguswa zaidi: vitasa vya nje na vya ndani, usukani, gia, hendibreki, vijiti vya indiketa na wipa, swichi za vioo, redio, vifundo vya feni, kioo cha kati, kifungio cha mkanda, wenzo wa siti, wenzo wa bonet, mfuniko wa mafuta. Mafundi wengi huruka wenzo wa siti na kifungio cha mkanda, na hivyo ndivyo kila dereva hugusa akikaa tu.

Dawa huua ikiwa bado mbichi. Jiki ya 0.1 iache dakika 10, kisha pangusa kwa maji safi, kwa sababu klorini hutafuna chuma. Spiriti ibaki imelowa angalau sekunde 30. Utepe wa mkanda usiguswe na jiki kabisa: nyuzi zake hudhoofika, na siku ya ajali mkanda ni uhai wa mtu. Utepe ni sabuni na maji ya uvuguvugu, basi. Ngozi ya siti vilevile haitaki jiki. Skrini ya redio ipangusiwe kitambaa chenye unyevu kidogo.

Spiriti itiwe kwenye tambara, isipuliziwe hewani ndani ya gari. Mvuke wake hushika moto, na ndani ya gari cheche haziko mbali.

Hatua ya 4: Chujio la hewa ya ndani

Kwenye Toyota nyingi ndogo liko nyuma ya kabati la dashibodi, upande wa abiria. Toa vitu vyote kabatini, achia kikamba cha pembeni kama kipo, bana kuta mbili za kabati kuelekea ndani, lishushe. Utaona kifuniko chembamba. Bonyeza vishikizo, vuta. Kabla hujavuta, zima feni na vaa barakoa, maana vumbi, majani na mara nyingine mavi ya panya hukudondokea usoni.

Ukikuta kiota, usipulize kwa kompresa. Hilo ni kosa kubwa, kwani unaurusha mkojo mkavu wa panya hewani na wewe ndiye wa kwanza kuuvuta. Lowesha kwa jiki ya 0.5, ngoja dakika tano hadi kumi, okota kwa karatasi, funga kwenye mifuko miwili. Homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 ni ugonjwa huu wa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Huingia kupitia michubuko na macho. Fundi asiye na mchubuko mkononi ni wa kutafuta, ndiyo maana ya glavu.

Chujio la karatasi halifuliwi. Weka jipya, mshale wa hewa uelekee kama ulivyokuwa. Ukilipindua, uchafu huziba upande usiostahili na feni huanza kulemewa.

Hatua ya 5: Kutesti barabarani

Mkiwa mafundi wawili, aende mmoja. Mteja akitaka kwenda, akae nyuma kushoto, mbali kabisa na wewe uliye mbele kulia, nyote na barakoa. Shusha vioo vyote. Mvua ikizuia, shusha angalau viwili: cha mbele kushoto na cha nyuma kulia, yaani vile ambavyo hakuna aliyekaa karibu navyo. Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani kilichapisha mwaka 2021 uigaji wa kompyuta wa gari linalokwenda kama kilomita 80 kwa saa: vioo vyote vikiwa wazi ndiyo bora, lakini viwili vya mkingamo huo hupitisha upepo katikati ya watu wawili na kuwatenganisha. Kwao usukani uko kushoto, kwetu geuza.

Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe, hewa iingie kutoka nje. Ukiwa na bearingi ya kusikiliza, au kiyoyozi cha kupima, vioo lazima vifungwe. Sehemu hiyo ifanye peke yako. Mteja mshushe gereji kwanza, kisha toka tena kuelekea Pongwe ukasikilize.

Usile wala kuvuta sigara njiani, na usipokee simu kwa mkono ulioshika gia.

Hatua ya 6: Kukabidhi na kunawa

Panguse tena vile ulivyovigusa wewe, maana mteja naye ana haki ya kutobeba maradhi yako. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje. Nawa sekunde 20 kwenda juu, kucha na vidole gumba visisahauliwe.

Kunawa kwa petroli kuachwe. Hukausha mafuta ya ngozi, ngozi hupasuka, na mipasuko ndiyo milango ya maradhi. Tena yenyewe ni sumu inayopenya. Grisi itoe kwa kijiko cha mafuta ya kupikia, sugua mikono mikavu, futa kwa tambara, kisha sabuni na maji. Kitakasa mikono hakifanyi kazi juu ya grisi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Duga. Barakoa yangu ya kupulizia rangi, yenye vikopo viwili, si inatosha kwa kukinga kifua kikuu?*

Marahaba. Vikopo vya rangi hunasa mvuke. Kama havina pedi ya kuchuja chembe mbele yake, vijidudu hupita. Tena nyingi zina vali inayotoa pumzi yako bila kuichuja, hivyo ukiumwa wewe unamwambukiza mteja. Kwa kifua kikuu, barakoa ya N95 iliyobana uso na vioo wazi.

*Tumeletewa Noah ya ajali, siti ina damu iliyokauka. Tunaanzia wapi?*

Kwanza hakikisheni trafiki wamemaliza ukaguzi wao, msiharibu ushahidi. Vioo vilivyovunjika viokotwe kwa koleo na kibao, si vidole. Vaeni glavu mbili mbili na miwani. Wekeni karatasi au tambara juu ya damu, mwagieni jiki ya 0.5 taratibu, ngojeni dakika 10, toeni, safisheni kwa sabuni, rudieni jiki, suuzeni. Kitambaa kitapauka, mwambieni mwenye gari mapema. Damu ikiwa imeingia ndani ya sponji, siti itolewe na sponji ibadilishwe. Kabla ya kuchomoa soketi ya njano chini ya siti, toeni nguzo hasi ya betri na mngoje zaidi ya sekunde 90, isije eabegi ikafyatuka.

*Kaka, mimi dereva wa Koster. Kwenye wipa tunatia maji ya bomba tu. Nimeambiwa yanaleta nimonia, kweli?*

Kweli inaweza kutokea, kaka. Kuna bakteria anaitwa legionela anayependa maji ya vuguvugu yaliyotuama, na kidumu cha wipa karibu na injini hapa Tanga kina joto hilo. Ukirusha maji, ukungu wake huingia ndani ukauvuta. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta madereva wanaotumia maji matupu kwenye wipa wakiwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaga, suuza kidumu, jaza dawa maalumu ya wipa kwa kipimo cha lebo. Usitie jiki humo, itaharibu pampu na rangi ya bonet.

*Gari la mteja likiwashwa kiyoyozi linanuka uvundo, na kapeti ya abiria imelowa. Nimeshabadilisha chujio.*

Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Litafute chini ya gari, upande wa abiria, kwenye ukuta kati ya injini na chumba. Ni kampira kafupi. Zibua kwa waya laini ukiwa umekaa pembeni, maji machafu yatamwagika. Kapeti itolewe na ianikwe hadi sponji ya chini ikauke kabisa, la sivyo ukungu unarudi, na kwa mwenye pumu ni hatari. Mfundishe mteja kuzima kiyoyozi dakika tano kabla ya kufika na kuacha feni ikivuma, sehemu ya ndani ikauke.

*Zahanati imetuletea gari la wagonjwa kwa sevisi. Tulikatae?*

Msilikatae. Waombeni kwanza walisafishe wenyewe chumba cha mgonjwa na waandike kwenye karatasi tarehe na dawa waliyotumia. Injini na breki mtengeneze bila kufungua mlango wa nyuma. Lakini mkiambiwa limebeba mtu anayeshukiwa kuwa na homa za kutoka damu kama Marburg, ambayo ilizuka Kagera mwaka 2023 na 2025, asiguse mtu hata kitasa. Liacheni lilipo, pigeni 199 Wizara ya Afya, ni bure, na andikeni majina ya wote waliokwisha kuligusa.