Jinsi ya kumwonyesha mtoto wa shule ya msingi kazi iliyomo ndani ya somo

Ukiwauliza wanafunzi wa Gredi ya 5 hapa Kisumu wanataka kuwa nani wakikua, utasikia daktari, rubani, polisi na mwalimu, basi. Mtoto hutaja kazi anazozisikia zikisifiwa. Kwa hiyo anzia kwenye kazi anazoziona kila siku, kisha mtafute somo lililomo.

Hatua ya 1. Kila mtoto aandike kazi tano alizoziona akitoka shuleni. Wa Dunga wataleta wavuvi na mama samaki, wa Kibuye maseremala. Usidharau hata moja. Mtoto ambaye mamake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, asiinamishe kichwa darasani mwako.

Hatua ya 2. Chagueni kazi moja muifungue. Mimi hupenda kuanza na ujenzi kwa sababu mnaweza kuufanya uwanjani mkiwa na kamba, tepu na vigingi vitatu. Kwanza wapime kona ya nyumba kwa macho tu. Halafu waonyeshe anavyofanya fundi: kigingi kwenye kona, mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha msogeze kigingi cha mwisho mpaka umbali kati ya ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Hapo kona imekaa sawa, na pembemraba waliyoichora daftarini wamesimama ndani yake. Warudie darasani kwa sentimita 30, 40 na 50. Ndipo uulize: nani mwingine huhitaji kipimo hiki? Seremala, mpimaji wa ardhi, mhandisi.

Siku nyingine chukueni omena. Bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ni Hisabati. Kwa nini omena mkavu haozi upesi ni Sayansi: bakteria na kuvu huhitaji maji. Kumvuta mteja ni lugha. Kutoka hapo mtoto anafika kwa mkaguzi wa chakula, afisa wa uvuvi, hata mtafiti wa samaki, na watafiti hao wako papa hapa Kisumu.

Hatua ya 3. Mwalike mwenye kazi, aje na vifaa vyake. Maswali yaandaliwe mapema, yawe ya kazi yenyewe: "Jana ulipiga hesabu gani?" Bila hivyo atawahubiria wasome kwa bidii na aende zake. Ukimpata fundi mwanamke au muuguzi mwanamume, mwite huyo kwanza.

Hatua ya 4. Zungumza na wazazi. Wengi wana wasiwasi kuhusu mikondo mitatu ya masomo ya Gredi ya 10: wa kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili ni sayansi ya jamii; wa tatu ni sanaa na michezo. Waambie wazi kwamba mtoto wa miaka kumi hapangiwi mkondo. Kazi yao sasa ni kumchukua siku moja waendako kazini na kumwacha aulize.

Mwisho, bandika ukutani chati ya masomo na kazi. Kila muhula mtoto aongeze jina la kazi, na akitaka kufuta lile la muhula uliopita, mruhusu.