Tiara ya theluji: zoea kifyatuo ukiwa na glavu

Hili nimelipata Haugastøl, Norwei, kwenye mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa juu ya theluji. Kabla ya kurusha tiara, vaa zile glavu nene utakazotumia, kisha sukuma kifyatuo cha dharura, kile chekundu karibu na tumbo kinachokata mvuto wa tiara, mpaka kiachie. Kirudishe, rudia mara tano bila kukitazama. Theluji haikushiki kama maji. Upepo ukivuma ghafla unaburutwa mbio, na mkono uliozoea huwahi kuliko akili. Mimi bila glavu nilikuwa hodari. Nilipozivaa, nikapapasa koti tu! Hakisaidii kikiganda barafu ndani, kwa hiyo kijaribu tena baada ya kila mapumziko. Na kamba ya usalama, ile inayobaki kukuunganisha na tiara, usipoifunga, ukifyatua, tiara itakwenda kumvaa mwenzio.