Kiti cha nje cha paleti: anza na mhuri, nyundo baadaye

Watu wengi wakitaka kiti cha paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, wanakimbilia rangi na mito, na kazi yenyewe iko kwa kuchagua paleti, ukikosea hapo hata vanishi ya bei gani haitakusaidia. Ukienda Industrial Area ya Nairobi kwa magodauni, au kwa wale wanaouza paleti zimepangwa kando ya barabara, usilipe kabla hujazigeuza moja moja utafute mhuri umechomwa kwa mbao. Kuna kialama cha suke la ngano, herufi za nchi (za hapa Kenya zimeandikwa KE), halafu HT au MB. HT ni mbao iliyopashwa moto mpaka ndani kabisa ikafika digrii 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, hiyo chukua. MB ni gesi ya methili bromaidi, ni sumu, hiyo wacha hapo hapo hata ukipewa bure, watoto watakalia hicho kiti. Ile haina mhuri inuse na uangalie madoa, kama ina harufu ya kemikali au imelowa mafuta achana nayo, huwezi jua ilibeba nini. Na uombe risiti, sababu paleti zingine ni za kampuni na hazikufaa kutoka godauni.

Sasa, mtindo rahisi: tafuta nne za sentimita 120 kwa 80, unene wake karibu 14. Mbili unazilaza moja juu ya nyingine, hiyo inakupa kama 28, ukiongeza sponji ya inchi nne unafika karibu 38, urefu mzuri wa kukaa. Ya tatu isimamishe nyuma kwa ule upande wake mrefu, inakuwa egemeo. Hujakata kitu hata kimoja.

Ya nne ni ya kufungua upate mbao za kuziba mapengo ya pale unakalia, na hapa ndio watu huharibu mbao zao. Misumari ya paleti mara nyingi imesokotwa kama skrubu, ukiipiga nyundo kutoka chini ubao unapasuka pale mwisho, kila mara. Ingiza mtaimbo polepole karibu na msumari, inua kidogo tu upate mwanya, halafu pitisha ubapa wa hakso, ule msumeno wa kukata chuma, hapo katikati ukate msumari wenyewe. Kichwa kinabaki kwa ubao na kinapendeza kweli. Ukipigilia hizo mbao wacha nafasi ya upana wa kidole, maji ya mvua yapite.

Kuunganisha tumia skrubu, misumari inalegea mbao ikikauka. Funga vipande vya ubao pande zote mbili, vishike zile mbili za chini pamoja na egemeo, toboa kwanza na drili ndio usipasue.

Msasa anza na namba 80 umalizie na 120, vaa maski, na ufanyie nje. Pitisha mkono kila mahali mtu atashika, kibanzi kimoja kwa paja la mtoto ni kilio cha siku nzima. Halafu vanishi ya nje, ile ya ndani jua la hapa linaibandua, paka mara tatu na usisahau ncha za mbao zilizokatwa, maji huingilia hapo kuliko mahali pengine popote. Oili chafu ya gari iwachie nguzo za fensi, kwa kiti itaharibu nguo za wageni.

Chini pigilia vipande vya tairi kuukuu ili mbao isiguse sakafu yenye maji wala udongo wenye mchwa. Fanya hii kazi Januari au Februari kukiwa kukavu, kabla mvua ya Machi haijaanza, na mito ishonewe kava ya zipu ndio uiondoe jioni uirudishe kwa nyumba.