Kabla ya Kuchora Mchakato wa Mikopo wa SACCOS Yenu: Mambo ya Kuzingatia

SACCOS nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, huamua kuchora michakato yake ya kazi zikiwa zimeshachelewa. Mfumo mpya wa kompyuta umenunuliwa, mkufunzi wa kampuni iliyouuza ameketi mbele ya wafanyakazi, anauliza: mkopo wa dharura huidhinishwa na nani hapa kwenu? Afisa mikopo anajibu kuwa ni meneja. Meneja anasema ni mwenyekiti wa kamati ya mikopo kwa niaba ya wenzake. Karani, ambaye ndiye anayezipokea na kuzizungusha fomu, ananyamaza. Mfumo unapangwa kufuata jibu la mkubwa, na kuanzia siku hiyo fedha za wanachama zinapita kwenye njia ambayo hakuna aliyekaa akaitazama vizuri.

Mchoro wa mchakato ni karatasi inayoonyesha kazi inaanzia wapi, inapita kwa nani, uamuzi gani unafanyika wapi na kazi inaishia wapi. Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya namna hii mwaka 1921. Siku hizi kuna lugha ya alama inayokubalika kimataifa, BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011: duara ni mwanzo au mwisho, kisanduku ni kazi, almasi ni mahali pa kuamua, na kila mhusika ana safu yake. Alama hizo chache zinatosha kabisa kwa SACCOS. Chati ya uongozi iliyobandikwa ukutani haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu inasema nani yuko chini ya nani tu. Meza ambako fomu ya mkopo ilikaa siku tisa haimo humo.

Anzeni na mchakato mmoja, na ningeshauri uwe wa mikopo, kwa sababu ndiko fedha nyingi zilipo na ndiko malalamiko yanakotoka. Kabla ya kushika kalamu kubalianeni mipaka yake. Wengi huanzia pale mwanachama anapojaza fomu na kuishia pale anapopokea fedha. Hapo wameacha nusu ya hatari nje ya karatasi, maana mkopo unaisha siku rejesho la mwisho linapoingia na wadhamini wanapoachiliwa.

Chukulia SACCOS ya wafanyakazi inayotegemea makato ya mshahara. Orodha ya makato inatakiwa kumfikia mwajiri kabla hajafunga hesabu za mishahara za mwezi huo. Ikichelewa, mwanachama anapata mshahara wake mzima, anautumia, na mwezi unaofuata anadaiwa marejesho mawili. Ikiwahi, linaweza kutokea jambo jingine: mwajiri anakata, lakini anachelewa kupeleka fedha kwenye chama. Hati ya mshahara ya mwanachama inaonyesha amelipa, daftari la SACCOS linaonyesha hajalipa, na yeye anaitwa mdaiwa sugu kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo mwajiri awe na safu yake kwenye mchoro hata kama hana meza ofisini kwenu. Andikeni pia ni nani kwenu anayempigia simu fedha zisipofika, na baada ya siku ngapi.

Kusanyeni nyaraka mapema: masharti ya chama, sera ya mikopo, maazimio ya mkutano mkuu yaliyogusa mikopo, na mikataba na mwajiri au benki. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliyoziweka SACCOS katika daraja la tatu la watoa huduma hizo. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008 na msimamizi wao SASRA. Someni kwa makini zaidi barua za wakaguzi kwa menejimenti za miaka iliyopita, ziwe za COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika Tanzania, au za kampuni binafsi. Hoja iliyojirudia mwaka hadi mwaka huku wafanyakazi wakibadilika inaonyesha kuwa kasoro iko kwenye njia ya kazi, na kumfukuza mtu mwingine hakutaiondoa.

Nyaraka zinaeleza kazi inavyotakiwa kwenda. Namna inavyokwenda kweli wanaijua walio kaunta na walio kwenye masjala, nao hawatasema mbele ya meneja katika kikao cha pamoja. Mtu mmoja mtulivu, asiye bosi wao, akae na kila mmoja mezani kwake na kumwomba aonyeshe: fomu ikifika unafanya nini kwanza, unaipeleka kwa nani, akiwa hayupo unafanyaje. Halafu achukue mafaili ya kweli, machache ya mikopo iliyolipwa vizuri, machache ya iliyokataliwa na machache ya iliyochelewa, asome tarehe zote zilizoandikwa humo. Pengo kati ya tarehe moja na inayofuata ni muda ambao mwanachama alikuwa anasubiri bila mtu kugusa faili lake. Mara nyingi kazi yenyewe ni ya saa chache, na siku zinazobaki ni za kungoja saini.

Kabla ya mazungumzo hayo, bodi itamke kwa maandishi kwamba kinachotafutwa ni njia ya kazi, na kwamba mtu hataadhibiwa kwa kueleza anavyofanya. Bila tamko hilo mtapata mchoro mzuri wa uongo. Mtaambiwa kwamba kamati ya mikopo hukaa, hujadili na kusaini. Hamtaambiwa kwamba mjumbe anayeishi mbali aliacha fomu kadhaa zimesainiwa zikiwa tupu ili kazi isikwame, na kwamba karani anazo kwenye droo.

Mkikutana na jambo kama hilo msikimbilie kushtuka. Ulizeni kwanza lilianza vipi. Kamati inakaa mara moja kwa mwezi, mwanachama ana mgonjwa hospitalini leo, na mtu mwenye huruma akatafuta upenyo. Njia ya mkato kwa kawaida hubuniwa na watu waaminifu wanaohudumia wenzao, kisha siku moja hupitiwa na mwizi. Kuifunga bila kutengeneza njia halali ya haraka ni kuwaalika watu wabuni nyingine. Ndiyo maana napendelea michoro miwili: wa kazi ilivyo sasa, na wa kazi itakavyokuwa. Wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umekubaliwa na kila aliyehojiwa.

Baada ya hapo fuateni mikono. Katika muamala wowote wa fedha kuna kazi nne zisizopaswa kukutana kwa mtu mmoja: kuidhinisha, kushika fedha, kuandika vitabu, na kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya takriban pauni milioni 827 iliyotokana na mtu mmoja wa tawi lake la Singapore, Nick Leeson. Alikuwa anafanya biashara sokoni, na wakati huohuo anasimamia watu wanaoandika na kuhakiki biashara hiyohiyo. Hasara alizificha kwenye akaunti namba 88888. Ukaguzi wa ndani wa mwaka 1994 ulikuwa umeshasema kazi hizo mbili zitenganishwe, na haikufanyika. Benki iliyodumu zaidi ya karne mbili ilinunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni 1.

Ninaitaja kwa sababu kosa lake lingeonekana kwenye karatasi moja: safu mbili zenye jina lilelile. Basi juu ya kila safu ya mchoro wenu andikeni jina la mtu pamoja na cheo chake, kisha tafuteni jina linalojirudia. Ulizeni pia mambo ambayo vyeo havionyeshi. Keshia akiwa likizo, nani anatumia neno lake la siri la kuingilia kwenye mfumo? Malipo ya benki kwa mtandao yanataka mwandaaji na mwidhinishaji. Je, namba za uthibitisho za wote wawili zinaingia kwenye simu mbili, au kuna mmoja aliyemwachia mwenzake simu "kwa ajili ya kurahisisha"?

SACCOS yenye wafanyakazi watatu itasema haina watu wa kutosha kugawana kazi nne. Ni kweli, na hapo ndipo wajumbe wanaposaidia. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vimelitatua jambo hili kwa kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na kisanduku chenyewe kwa mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Wanakikundi hawakuhitaji kuajiri mtu hata mmoja. Katika chama kidogo, mjumbe wa kamati ya usimamizi anaweza kupokea taarifa ya benki moja kwa moja kutoka benki, bila kupitia kwa mtunza fedha, na kuilinganisha na daftari kila mwezi. Mchoro uonyeshe hatua hiyo na tarehe yake, la sivyo itafanyika miezi miwili ya kwanza tu.

Vihatarishi viandikwe vikiwa vimebandikwa kwenye hatua za mchoro. Rejista iliyonakiliwa kutoka taasisi nyingine haitawasaidia. Kwa kila kisanduku ulizeni: nini kinaweza kuharibika hapa, tutajuaje kimeharibika, na nani atachukua hatua? Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000, kilichohuishwa mwaka 2018, kinakitazama kihatarishi kwa namna ya kutokuwa na uhakika kunavyogusa malengo, kwa hiyo andikeni kwanza lengo la mchakato, hata kwa sentensi moja. Wengi hupima uwezekano kwa 1 hadi 5, athari kwa 1 hadi 5, kisha huzidisha. Fanyeni hivyo kwa kupanga kipi kianze kushughulikiwa, lakini jibu lisiwapumbaze. Fomu zinazokosewa kila siku zinapata 5 mara 1. Keshia kutoroka na fedha zote ni 1 mara 5. Zote mbili ni 5, na hakuna bodi yenye akili timamu itakayozishughulikia sawasawa. Jambo linaloweza kukifunga chama lipewe kinga hata kama halijawahi kutokea.

Siku mbaya nazo zichorwe. Umeme umekatika mchana wa kutoa mikopo: kazi inaandikwa wapi, na nani anaiingiza kwenye mfumo baadaye? Mkopo umetumwa kwa simu, mtandao ukasuasua, ujumbe wa kuthibitisha haukurudi. Kama mchoro una matokeo mawili tu, "imefika" na "imeshindikana", mtu atachagua la pili na kutuma tena, na mwanachama atalipwa mara mbili. Panahitajika njia ya tatu, "inasubiri", yenye mtu wa kuhakiki kwa mtoa huduma kabla ya kutuma upya.

Vifaa visiwasumbue. Manila, kalamu za rangi na vikaratasi vya kubandika vinatosha kwa rasimu, na vina faida kwamba karani anaweza kuhamisha kikaratasi kwa mkono wake mwenyewe; programu ya kuchorea ije baadaye. Kuhusu faragha nitakuwa mkali zaidi. Mafaili mnayofuatilia yana mishahara, namba za vitambulisho na wakati mwingine magonjwa ya watu. Yasipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata kabla ya sheria hizo, mwanachama alituamini.

Pimeni hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote: siku kutoka fomu kupokelewa hadi fedha kutoka, fomu zilizorudishwa kwa kukosewa, na sehemu ya salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Namba tatu zinatosha. Bila hizo, baada ya mwaka mtabaki kubishana kama kuna kilichoboreka, na atakayeshinda ni msemaji hodari.

Kila mchoro uwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejulikana, pamoja na namba ya toleo na tarehe. Yeye ndiye wa kuitwa mfumo unapohuishwa au sera inapobadilika, na toleo la zamani liondolewe ukutani siku hiyohiyo.

La mwisho ni kalenda. Mtakayoyagundua yatagawanyika. Mengine meneja anayamaliza wiki hiyohiyo, kama kufuta maneno ya siri ya kuazimana au kuchana fomu zilizosainiwa tupu. Mengine yanahitaji bodi kurekebisha sera, kwa mfano kuruhusu wajumbe wawili wa kamati kupitisha mkopo wa dharura wenye ukomo na kamati nzima kuupitia kikao kinachofuata. Yakigusa masharti ya chama, yanasubiri mkutano mkuu, na marekebisho hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kabla ya kuanza kutumika. Hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe ya mkutano mkuu: muda wa kuwahoji wafanyakazi, wa kupitia mafaili, wa bodi kujadili michoro yote miwili, na wa kuwapelekea wanachama mapendekezo ili waje wameshayasoma. Kama muda uliobaki hautoshi, endeleeni na yale ya meneja na ya bodi, na ya masharti yaingie kwenye ajenda ya mkutano wa mwaka unaofuata.